Hadithi ya Tsavo na Picha Zilizopigwa Ugenini

Umezuka katika miji mingi ya dunia utalii wa aina ambayo wazee wetu hawakuijua: watu hufunga safari kutoka nchi za mbali, si kwa ajili ya kuzuru makasri ya wafalme wala makaburi ya mawalii, bali kwa ajili ya kutembea kwa miguu nyuma ya mwongozaji katika mitaa ya kawaida, penye maduka, vituo vya basi na kuta zisizo na pambo lolote, kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba katika mitaa hiyo ilipigwa picha tamthilia waliyoipenda. Asiyeifahamu tamthilia hiyo hupita hapo bila kugeuza shingo. Anayeifahamu husimama, huduwaa, na pengine machozi humlengalenga.

Mji uliotia fora katika jambo hili ni Cardiff, mji mkuu wa Wales. Huko ndiko ilikotengenezwa, tangu ilipofufuliwa mwaka 2005, tamthilia ya televisheni iitwayo Doctor Who, ambayo shirika la BBC liliianzisha tarehe 23 Novemba 1963, likaisimamisha mwaka 1989, kisha likairejesha kwa kishindo. Ni hadithi ya kubuni iliyojengwa juu ya elimu ya sayansi: msafiri mmoja asiye mwanadamu, mwenye nyoyo mbili kifuani, husafiri katika zama zilizopita na zama zijazo ndani ya sanduku la buluu la simu ya polisi, ambalo kwa nje ni dogo la kusimama watu wachache na kwa ndani lina vyumba visivyo na idadi, na kila anapokaribia mauti hugeuka umbo akawa mtu mwingine, hata mchezaji mmoja akiondoka mwingine hushika nafasi yake na hadithi haikatiki.

Mwongozaji wa matembezi hayo huwapeleka watu ufukoni, katika uwanja uitwao Roald Dahl Plass, penye mnara wa chuma unaoteremsha maji mchana kutwa. Mnara huo, katika tamthilia nyingine iliyozaliwa na ile ya kwanza, yaani Torchwood ya mwaka 2006, ulifanywa mlango wa siri wa kuteremkia katika makao yaliyo chini ya ardhi. Chini ya mnara hapana makao yoyote, na kila mgeni analijua hilo. Walakini kila mgeni hutaka kukanyaga pale pale palipokanyagwa na wachezaji. Mwongozaji huinua picha iliyotolewa katika filamu, akaisogeza mbele ya macho ya watu, kushoto kidogo, juu kidogo, hata ukingo wa paa ulio katika picha ukalingana na ukingo wa paa ulio mbele yao, na hapo ndipo hadithi na mahali hukutana. Si mbali na uwanja huo, katika gati ya Mermaid Quay, upo ukuta ambao wapenzi wa tamthilia waliujaza maua, barua na picha baada ya mhusika mmoja, Ianto Jones, kuuawa katika kipande kilichoonyeshwa mwaka 2009. Mtu huyo hakuzaliwa wala hakufa, kwa kuwa ni mtu wa kubuni, na hata hivyo amepata mahali pa kuombolezewa palipowekwa kibao cha jina lake.

Nasi wa Afrika Mashariki tusidhani kwamba mambo hayo hayatugusi. Roald Dahl, ambaye uwanja ule umepewa jina lake, alizaliwa Cardiff mwaka 1916, na kabla hajawa mwandishi mashuhuri alikuwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, hata vita vilipozuka mwaka 1939 akapanda kwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Katika bandari hiyo ya Cardiff mabaharia wa Kisomali walishuka kutoka meli za makaa ya mawe tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, wakaoa, wakazaa, na vizazi vyao wangalipo. Na Ncuti Gatwa, aliyeshika nafasi ya msafiri wa zama katika mwaka 2023, ni mzaliwa wa Rwanda, mtoto wa familia iliyoyakimbia mauaji ya mwaka 1994 na kupata hifadhi huko Scotland.

Kenya nayo imewahi kuwa uwanja wa tamthilia kubwa ya namna hiyo. Mnamo mwaka 2015 ilionyeshwa Sense8, kazi ya ndugu wawili Wachowski pamoja na J. Michael Straczynski, inayosimulia habari za watu wanane wa nchi mbalimbali waliozaliwa wakati mmoja, ambao akili na hisia zao zimefungamana, hata mmoja akiumizwa huku mwenzake huko aliko huona uchungu. Mmoja wa wanane hao ni Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi anayehangaika kumtafutia mama yake dawa, na gari lake amelipa jina la Van Damn kwa mapenzi yake kwa mchezaji Jean-Claude Van Damme. Sehemu za Nairobi zilipigwa Nairobi hasa, zikaongozwa na Mjerumani Tom Tykwer, mtu ambaye alikwisha kuwa na uhusiano na vijana wa filamu wa mji huo. Matatu ile ilikuwa matatu kweli, vumbi lile lilikuwa vumbi letu, na mtazamaji aliyezaliwa katika mitaa ile aliweza kusema mbele ya televisheni: hapa napajua. Neno hilo dogo ndilo mtaji wa biashara yote ninayoizungumzia.

Sasa na tushuke Voi, kwa maana ndiko moyo wangu uliko katika makala haya. Mji huu, ulio kiasi cha kilomita 160 kutoka Mombasa, ulitokana na reli iliyofika hapo mwaka 1897, na hata leo, kwa gari la moshi la SGR lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, au kwa basi linalosimama pale Caltex ili abiria wanunue maji na mahamri, wengi huuona mji huu kwa dirisha tu. Mbele yao ni milima ya Sagalla, upande wa magharibi ni Dawida, kusini kwa mbali Kasigau umesimama peke yake katika uwanda, na kuuzunguka mji pande nyingi ni mbuga ya Tsavo, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1948 na kumeza zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti nzima ya Taita Taveta. Wageni wanaoshuka hupanda gari moja kwa moja hadi langoni mwa mbuga, wakaona tembo waliojipaka udongo mwekundu, wakarudi. Mji wenyewe, na mitaa yake ya Sofia, Mabomani, Kaloleni na Mwakingali, haumo katika hesabu ya safari yao.

Walakini ni sehemu chache za bara letu ambazo hikaya zake zimepigiwa filamu na kuenezwa duniani kama sehemu hii. Mwezi wa Machi mwaka 1898 alifika katika mto wa Tsavo, kiasi cha kilomita 50 kutoka Voi kwa njia ya kuendea Nairobi, mhandisi aitwaye John Henry Patterson, aliyetumwa kusimamia ujenzi wa daraja la reli. Haukupita muda ila simba wawili madume wakaanza kuingia makambini usiku na kuwatoa watu mahemani. Mmoja wa waliochukuliwa mwanzo ni Ungan Singh, jemadari wa Kisikh, mtu mwenye nguvu, aliyebururwa kutoka katika hema aliyolala pamoja na wenziwe. Boma la miiba halikuwazuia, mioto haikuwatisha, na mwezi wa Desemba mamia ya wafanyakazi walijitupa juu ya gari la moshi lililokuwa likielekea pwani, wakaondoka, na kazi ikasimama kiasi cha majuma matatu. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Patterson aliandika kitabu mwaka 1907, na ngozi za simba wale, baada ya kuwa mazulia ya nyumbani kwake kwa robo karne, aliziuza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago kwa dola 5,000. Zikajazwa, zikasimamishwa ndani ya kioo, na hata leo mtoto wa Chicago anawafahamu simba wa Tsavo kwa sura kuliko mtoto wa Mwatate.

Kutokana na hikaya hiyo ilitengenezwa kwanza Bwana Devil, filamu ya Arch Oboler iliyoonyeshwa Novemba 1952 na kuingia katika tarehe ya senema kwa kuwa ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya rangi iliyoonyeshwa Marekani kwa namna ya kuifanya picha itokeze nje ya pazia: watazamaji walivalishwa miwani ya karatasi, na simba akawarukia hata wakapiga mayowe. Sehemu yake kubwa ilipigwa katika vilima vya California. Ikaja baadaye, mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, iliyoandikwa na William Goldman, ikaongozwa na Stephen Hopkins, na Val Kilmer akawa ndiye Patterson. Filamu hii ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wake wa sauti, na watu wengi wa dunia hawalijui jina la Tsavo ila kwa ajili yake. Nayo ilipigwa Afrika Kusini, katika hifadhi ya Songimvelo. Daraja wanaloliona watazamaji si daraja letu, mto si mto wetu, na nyasi zile ndefu si nyasi za nyika hii yenye vichaka vya miiba na mibuyu.

Hapa ndipo tofauti kati ya Cardiff na Voi inapodhihirika, nayo ni tofauti ya kustaajabisha. Cardiff ina mahali halisi palipokopeshwa kwa mambo ambayo hayakutokea kamwe; Voi na Tsavo ni mahali halisi ambapo mambo yalitokea kweli, lakini picha yake ikapelekwa kupigwa kwingine. Mwongozaji wa Cardiff hana budi kuwaambia wageni wake wafumbe macho na kuwaza. Mwongozaji wa Tsavo angeweza kuwaambia wafumbue macho. Mimi naamini, na naandika haya kwa yakini ya moyo, kwamba huyu wa pili ana hazina kubwa zaidi, ila hajakabidhiwa ufunguo.

Chukua mfano wa simba wenyewe. Katika filamu ni madume wenye manyoya mazito shingoni, kwa kuwa ndivyo dunia inavyomtaka simba awe. Simba waliowaua watu wa daraja hawakuwa na manyoya shingoni, kama walivyo madume wengi wa Tsavo mpaka hivi leo, na mwongozaji mwenye picha ya simba wa filamu katika mkono mmoja na picha ya simba wa Chicago katika mkono wa pili angeweza kutoa somo zima bila kutamka maneno mengi. Chukua na jino. Simba wa kwanza alikuwa na chonge la taya ya chini lililovunjika, na shina lake likafanya jipu. Wapo wataalamu wanaosema maumivu hayo ndiyo yaliyomfanya aache kukamata pundamilia na nyati wenye kupambana, akageukia windo laini. Katika mapengo ya meno yale yaliyovunjika nywele ziliganda zaidi ya karne moja, na wachunguzi wa Marekani na wa Kenya waliozichambua walitangaza mwaka 2024 kwamba humo mmepatikana athari za twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na mwanadamu. Patterson alikuja kudai kuwa simba wale walikula watu 135. Uchunguzi wa mifupa na nywele uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kiasi cha watu 35. Haya yote ni habari ambazo mgeni angezisikiliza kwa hamu akiwa amesimama juu ya ukingo wa mto, na treni ikipita juu ya daraja mbele yake.

Lakini kisa ambacho mimi ningependa kila mgeni wa Voi akisikie hakimo katika filamu yoyote. Mwanzoni mwa mwaka 1899, simba wale wawili wakiwa wamekwisha kufa, mhandisi aitwaye O'Hara alikuwa akisimamia utengenezaji wa barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, akapiga kambi njiani pamoja na mkewe na watoto wao wadogo. Usiku mmoja simba alimtoa hemani akiwa amelala kando ya mkewe. Patterson, aliyekisimulia kisa hicho, anaeleza jinsi msafara wa msiba ulivyoonekana ukija njiani: wanaume wa Kiswahili wamebeba machela yenye maiti, na nyuma yao mjane na wanawe. Simba huyo hakuuawa na bunduki ya Mzungu. Majuma machache baadaye aliuawa na Mtaita mmoja, kwa mshale wa sumu, aliyeuachilia kutoka juu ya mti. Jina la mhandisi tunalo. Jina la mpiga mshale halikuandikwa. Barabara ile ndiyo barabara ya lami ipitayo leo Mwatate, Bura na Maktau hadi mpaka wa Tanzania, na maelfu huipita kila siku wala hapana kibao kinachowaambia.

Nimesema hazina haina mwenye ufunguo, lakini si haki kusema kwamba hapana lolote lililofanywa. Upo upande mmoja wa hadithi za Taita Taveta ambao umekwisha kupata waongozaji na wageni wake, nao ni ule wa vita vya kwanza vya dunia. Katika hoteli moja iliyo karibu na Bura kuna maonyesho ya mabaki ya vita hivyo, na kuanzia hapo wageni hupelekwa kwa gari na kwa miguu katika viwanja vya mapigano. Mtafiti James Willson amevieleza katika kitabu chake Guerrillas of Tsavo, naye ni miongoni mwa waliotia bidii kubwa kuvitambulisha. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Taveta na kuukalia hata mwaka 1916. Waingereza walijenga reli ya haraka kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka 1915, wakavuta maji kwa bomba kutoka Bura, kwa kuwa katika nyika ile jeshi lisilo na maji hushindwa kabla ya risasi ya kwanza. Tarehe 12 Februari 1916 waliushambulia mlima mdogo wa Salaita, na askari wa Afrika Kusini, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kupigana katika pori, walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa, wakafunikwa katika kurudi kwao na askari wa Kibaluchi waliotoka India. Mwezi uliofuata palipiganwa usiku katika vilima vya Latema na Reata, na hapo ndipo njia ya kuelekea Kilimanjaro ilipofunguka.

Mahandaki ya Salaita yangaliko, yamebomoka lakini hujulikana kwa mawe yaliyopangwa. Katika nyika iliyo mbele yake upo mbuyu ambao wenyeji na wageni hupenda kuuzuru, kwa sababu inasimuliwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha humo akiwalenga Waingereza kulipiza kisasi cha mumewe. Hiyo ni riwaya ya mdomo, na mwongozaji mwaminifu huisema hivyo, wala hailiondolei lile shina nene utamu wake.

Na pale Voi penyewe, mwendo mfupi tu kutoka mjini, yapo makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola. Mawe yamepangwa safu kwa safu, kila jiwe na jina, cheo na siku ya kufa. Mmoja wa waliozikwa hapo ni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, aliyekuwa luteni katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguuni, na wenzake walipokuwa wakimbeba kuondoka aliona kwamba majeruhi wengine mahututi hawawezi kuchukuliwa. Akashikilia aachwe nao, kwa tumaini la kuwalinda. Aliuawa papo hapo, na nishani ya Victoria Cross ikatolewa kwa ajili yake. Ningekuwa mwongozaji, ningewasimamisha watu mbele ya jiwe hilo, nikawasomea jina, kisha nikawauliza: wako wapi wapagazi? Kwa maana vita vile vilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika, waliokufa kwa maelfu kwa homa, kwa kuhara na kwa njaa, nao hawana safu za mawe.

Wala msiba wa raia usisahauliwe. Mwaka 1915 Wajerumani walipouteka Kasigau, Waingereza waliwatuhumu wenyeji wa mlima ule kuwa waliwasaidia adui, wakavichoma vijiji, wakawakusanya watu wote, wakawahamishia Malindi, kwenye hali ya hewa na maradhi wasiyoyazoea, ambako wengi walikufa. Waliosalia walirudi kwao baada ya miaka mingi. Anayepanda leo njia za Kasigau, chini ya jabali lile kuu, huku akionyeshwa misitu ya ukungu na ndege, anakanyaga ardhi ya watu waliong'olewa na kurejea. Hakuna kampuni ya filamu iliyokitaka kisa hicho. Wajukuu wanakijua, na wao ndio wanaostahili kulipwa kwa kukisimulia.

Basi, matembezi ya Voi yangekuwaje? Yasingekuwa mambo ya gharama kubwa. Mwongozaji angeanza alfajiri, kabla jua la nyika halijawa kali, katika kituo cha zamani cha reli, akaeleza jinsi mji ulivyozaliwa na chuma. Angepita sokoni, akawaacha wageni wanywe chai na kununua embe na viazi vitamu vilivyoteremshwa kutoka Wundanyi. Angewapeleka makaburini. Kisha kwa gari angewafikisha Tsavo kwenye daraja, hapo akatoa picha za filamu zile mbili na picha alizopiga Patterson mwenyewe mwaka 1898, akafanya kama afanyavyo mwenzake wa Cardiff: akazilinganisha na mto ulio mbele yao, wakaona ni ipi iliyosema kweli. Ndani ya hifadhi hapana ruhusa ya mtu kujitembelea kwa miguu apendavyo, wala si busara, kwa kuwa simba wangaliko. Mambo hayo huendeshwa kwa idhini ya shirika la wanyamapori, KWS, pamoja na askari mwenye silaha.

Kilicho kigumu ni elimu ya mwongozaji. Mwenye kukariri mistari mitatu kuhusu simba wala watu atawachosha wageni kwa saa moja. Inampasa ajue kupambanua hadithi na habari, ajue tarehe zake bila kubabaika, ajue kusema kwa Kiswahili fasaha na kwa lugha za wageni, na juu ya yote awe amekaa na wazee wa Sagalla, wa Mbololo na wa Taveta kabla hawajaondoka duniani na waliyo nayo vifuani. Vijana wa namna hiyo wapo. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo hapo hapo nje ya Voi, na shule za kaunti hutoa kila mwaka wahitimu wasio na kazi ambao wamezaliwa juu ya hazina hii. Wafundishwe, wapewe vitambulisho na sare, na wageni watakuja wenyewe, kwani wanakuja tayari, ila wanapitishwa mbio.

Jambo jingine nalisisitiza, kwa kuwa naliona likipuuzwa: matembezi yaanze na wenyeji kabla ya wageni. Mwanafunzi wa Voi hupelekwa kwa basi kutazama Fort Jesus, na ni vyema apelekwe. Lakini mwanafunzi huyo huyo hajawahi kusimama mbele ya kaburi la Dartnell lililo mwendo wa miguu kutoka darasani kwake, wala hajaambiwa habari za Mtaita aliyemuua simba kwa mshale kwenye barabara anayoivuka kila asubuhi. Wapenzi wa Cardiff walimfanyia mtu wa kubuni kumbukumbu ya ukutani kwa maua na karatasi, bila kungoja serikali. Sisi tuna watu wa kweli.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti, kwa heshima zote, iweke kibao katika barabara ya Voi na Taveta kitakachokitaja kisa cha mwaka 1899, na kingine chini ya Kasigau kitakachoutaja uhamisho wa mwaka 1915. Nakuomba na wewe msomaji, siku utakayopita Voi, ushuke. Muulize mtu wa stendi akutafutie mwongozaji mzaliwa wa hapo, mpatane bei mapema, umlipe kama unavyomlipa fundi yeyote, na usimwache akuonyeshe tembo peke yao.